Usiseme "nilikuwa nyumbani tu"

(Maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa wanakikundi cha kuweka na kukopa, Mbagala, Dar es Salaam. Nimeyaandika kwa sababu baadhi yenu mliondoka kabla ya mwisho na wengine mliomba myasome kwa utulivu.)

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu shikamooni, vijana habari za asubuhi.

Mwenyekiti, ahsante kwa kunialika. Uliponipigia simu ukasema nije nizungumze na kina mama habari za talaka na mali, nilikuuliza: na waume zao? Ukacheka, ukaniambia, "Mwalimu, tukiwaita watasema tunawapanga." Wamekuja. Nimewahesabu, wako kumi na wawili, na mmoja amekaa karibu kabisa na mlango. Kaka yangu, hujapangwa. Sogea huku ndani, soda zipo.

Mimi si wakili. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, ndipo nikapata mafunzo ya msaidizi wa kisheria, hawa tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kazi yangu ni kumwelekeza mtu, kumwandikia barua, kumsindikiza. Kumsemea mbele ya hakimu siruhusiwi. Kwa hiyo kesi nyingi nimezisikiliza nikiwa benchi la nyuma, na ukikaa benchi la nyuma miaka kadhaa unajifunza kitu: watu wengi hawaponzwi na sheria. Wanaponzwa na mdomo wao wenyewe, na hasa na maneno matatu. "Nilikuwa nyumbani tu."

Niwasimulie habari ya mama mmoja. Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike, ila kiini ni kilekile. Ndoa ya miaka kumi na minne, watoto watatu, nyumba ya vyumba vinne kule Chanika, bajaji mbili. Mume amehamia kwingine. Wako kwenye baraza la usuluhishi, wazee wamekaa mbele, meza ina kitambaa cha mauamaua. Mzee mwenyekiti akauliza kwa upole kabisa, "Mama, na wewe katika mali hizi ulichangia nini?" Yule mama akainamisha kichwa, akavuta kanga yake begani, akasema, "Sikuwa na kazi, mzee. Nilikuwa nyumbani tu."

Mume naye alikuja na bahasha ya kaki. Ndani mna risiti za saruji, risiti za nondo, karatasi ya mauziano ya kiwanja yenye jina lake na muhuri wa serikali ya mtaa. Akazipanga mezani moja moja, kama anayepanga karata.

Bahati yake mama yule, baraza haligawi mali. Baraza linasuluhisha, likishindwa linatoa hati kwamba limeshindwa, na hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Tulipotoka nje tukakaa chini ya mwembe. Nikamwambia, mimi sitakufundisha la kusema, ila nina maswali. Matofali ya nyumba ile yalifyatuliwa wapi? "Palepale kiwanjani." Maji? "Nilikuwa nachota kwa jirani, ndoo ishirini, siku nyingine thelathini, huyu wa pili yuko mgongoni." Mafundi walikula wapi? "Kwangu." Na saruji ililindwa na nani usiku? Akanishangaa, kama vile swali lenyewe ni la kijinga. "Si mimi! Tulilala kwenye kibanda cha mabati mimi na watoto miezi saba. Baba yao alikuwa safarini na lori, njia ya Tunduma." Na hao madereva wa bajaji, hesabu ya jioni walikuwa wanamletea nani? "Mimi. Nilikuwa naandika kwenye daftari." Daftari liko wapi? "Lipo. Chini ya godoro."

Miezi saba kulala kwenye mabati! Na mtu huyu amewaambia wazee watano kwamba alikuwa nyumbani tu.

Sasa sheria inasemaje. Tunayoitumia huku Bara ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Zanzibar wana utaratibu wao na makadhi wao, leo siendi huko. Kifungu cha 114 cha sheria yetu kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambazo mume na mke walizipata kwa juhudi zao za pamoja, pale inapotoa talaka au amri ya kutengana. Hakimu ataangalia mila za jamii yao. Ataangalia madeni waliyoyachukua kwa faida yao wote wawili. Ataangalia mahitaji ya watoto wadogo. Na ataangalia kila mmoja alichangia kiasi gani, kwa fedha, kwa mali, au kwa kazi. Akishayapima yote hayo, sheria inamwambia aelekee kwenye usawa.

Mmesikia hilo neno la mwisho kwenye mchango? Kazi. Tangu 1971 limo. Lakini kwa miaka kumi na mbili mahakama zetu zilikuwa zinalivuta huku na huku. Upande mmoja ulisema: mke kupika na kulea ni wajibu wake wa ndoa, na mume kumlisha na kumvisha ni wajibu wake, kwa hiyo wameshalipana, hakuna anayemdai mwenzake nyumba. Upande wa pili ukasema: hebu ngojeni, huyu mume angeweza vipi kwenda kutafuta hela kama si huyu aliyebaki na watoto?

Ubishi ule uliamuliwa mwaka 1983 na Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, katika kesi ambayo mwanasheria yeyote wa nchi hii ukimwamsha usiku atakutajia: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ilianzia chini kabisa, Mahakama ya Mwanzo, na ikapanda mpaka juu. Mahakama ya Rufani ikasema wazi kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango, na zinaingia kwenye hizo juhudi za pamoja. Kuanzia siku ile, hakimu akikwambia kupika si mchango, amekwenda kinyume na mahakama ya juu kuliko zote nchini.

Wengi wakifika hapo hupiga vigelegele na kufunga mkutano. Mimi sifungi, kwa sababu kesi ile ina sehemu ya pili ambayo haisimuliwi sana. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mume alikuwa amempa fedha kwa ajili ya maendeleo ya familia, na zile fedha akazitapanya. Kwa hiyo mchango wake wa kazi za nyumbani ukakubaliwa, halafu ukapimwa na alichokiharibu, na rufaa yake ikatupwa. Haki inayobeba jina lake mpaka leo, yeye aliondoka mikono mitupu.

Nalisema hili mbele ya kikundi cha kuweka na kukopa kwa makusudi. Mnanielewa. Ukikopa hapa ukanunua friji la kuuzia barafu, au ukalipia ada, hilo ni deni la familia na hakimu atalihesabu hivyo. Ukienda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba za kuumiza, ukachukua laki tano za madera na kutunza kwenye shughuli, halafu wakaja kubeba kochi na televisheni mume yuko kazini… (vicheko) Cheka, lakini siku ya kugawana litaulizwa hilo kochi.

Na wanaume vilevile. Aliyeuza kiwanja cha familia akakimalizia kwenye mikeka ya kubeti asidhani yeye hapimwi.

Kuna jambo linawachanganya watu, nalisikia kila wiki: nusu kwa nusu. "Mwalimu, si sheria inasema nusu kwa nusu?" Haisemi. Inasema kuelekea usawa, baada ya kupima mchango. Wenzetu Kenya wameandika kwenye Sheria yao ya Mali za Ndoa ya mwaka 2013 kwamba mchango usio wa fedha ni pamoja na kazi za nyumbani, kulea watoto, kuendesha biashara ya familia, kulima, hata kumpa mwenzio ubia wa maisha. Wameorodhesha. Na bado Januari 2023 Mahakama yao ya Juu ikasema usawa ulioandikwa kwenye katiba hauna maana ya kila mtu kuchukua asilimia hamsini moja kwa moja. Kila mmoja aoneshe alichochangia. Huku kwetu Mahakama ya Rufani nayo imekuwa ikirudia kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Ukikaa kimya, hakimu hawezi kuingia chumbani kwako kulitafuta lile daftari chini ya godoro.

Ndiyo maana nawaambieni, semeni. Semeni kwa tarehe, kwa majina, kwa vitu. Usiseme "nilimsaidia mume wangu." Sema: mwaka fulani tulipoanza msingi nilikuwa nauza vitumbua pale kituoni, hela ya mchanga lori la kwanza ilitoka kwenye vitumbua, aliyeleta mchanga ni fulani na yupo, muiteni. Fundi ni shahidi. Jirani uliyechota maji kwake ni shahidi. Dereva aliyekuletea hesabu ni shahidi. Ujumbe wa kutuma pesa kwenye simu ni ushahidi, kwa hiyo msifute fute meseji kila simu ikijaa. Daftari la kikundi hiki hiki, ambalo mama mweka hazina analifungia kwenye lile sanduku la kufuli tatu, linaonesha nani alichukua mkopo lini na alisema anakwenda kufanyia nini. Siku moja litamwokoa mtu humu ndani. Mama mweka hazina, usiruhusu panya.

Jina kwenye karatasi ya kiwanja, je? Jina linampa mwenye jina mwanzo mzuri tu. Sheria inachukulia kwamba mali iliyoandikwa jina la mmoja ni ya huyo, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo ile bahasha ya kaki si mwisho wa kesi. Na nyumba ambayo mnaishi kama mume na mke, kifungu cha 59 kinakataza mwenye jina kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzie. Benki zinalijua hili, ndiyo maana mkopo wa nyumba wanataka sahihi ya mke, ingawa mimi nimeshawahi kuona "mke" aliyepelekwa kusaini ambaye mke mwenyewe hamjui. Ukisikia harufu ya kuuziwa nyumba, usisubiri. Andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, bakiza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kama kiwanja kina hati, sheria inakuruhusu kuweka zuio kwa msajili.

Kaka yangu wa pale mlangoni ameinua mkono mara mbili. Subiri kidogo, nakuja kwako, nina hakika najua unachotaka kuuliza.

Niseme haraka haraka mambo madogo. Talaka ya shehe: kama mlifunga ndoa ya Kiislamu, mume akaandika talaka tatu, karatasi ile peke yake haigawi nyumba. Mtapita baraza, mtakwenda mahakamani, mahakama itaitambua talaka na ndipo mali zitagawanywa. Mlioishi bila ndoa: mkikaa pamoja miaka miwili au zaidi mkajulikana kwa watu kama mume na mke, sheria inawadhania mmeoana, na hata dhana hiyo ikivunjwa mahakamani mwanamke anaweza bado kuomba nafuu kwa ajili yake na watoto. Nyumba ndogo ya mtu mwenye ndoa ya mke mmoja asijidanganye na kifungu hicho. Na uzinzi: mgawanyo wa mali si viboko. Mwenzio kuchepuka kunaweza kuwa sababu ya ndoa kuvunjika, lakini hakumpi mtu nyumba nzima.

Haya, kaka.

(Akasimama bwana mmoja mwenye shati la kampuni ya ulinzi. Akasema alikuwa mgodini Geita miaka sita, akituma hela kila mwezi. Nyumba imejengwa, lakini karatasi imeandikwa jina la shemeji yake. Akauliza: sheria hii ya mchango ni ya wanawake tu?)

Umeona, nilijua. Kaka yangu, kifungu kile hakikusema mke, kimesema kila upande. Kilichompata yule mama wa Chanika ndicho kimekupata wewe, isipokuwa yeye alikosa risiti za saruji na wewe umekosa jina. Ulituma kwa njia gani? (Akasema kwa simu.) Basi nenda kwa wakala mkuu wa mtandao wako, omba taarifa za miamala ya miaka hiyo. Mtafute fundi, mwulize nani alikuwa anampa maelekezo kwa simu. Shemeji naye ataitwa aeleze, maana mali ikiwa kwenye jina la mtu wa tatu kesi inakuwa ndefu, sikufichi, na hapo ndipo utahitaji wakili kweli kweli, si mimi. Lakini usiende kuvunja kufuli.

Sasa naomba tubadilishe mkao, maana nakuja kwenye jambo ambalo mimi binafsi huniumiza kuliko mabati na bajaji. Watoto.

Watoto si mali za ndoa. Naona mnatikisa vichwa kwamba ndiyo, lakini sikilizeni tunavyoongea mitaani. "Chukua nyumba, niachie watoto." "Nitakuachia kiwanja, ila usinidai matunzo." "Asiponipa mtoto nimwone, sitoi shilingi." "Asipotoa hela, hamwoni mtoto." Kila moja ya sentensi hizo inamfanya mtoto kuwa chenji. Nilimwona mama amesaini kwa mjumbe karatasi inayosema amesamehe matunzo ya watoto wawili ili abaki na nyumba ya vyumba viwili. Alisamehe kitu kisicho chake. Matunzo ni ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema wazazi wakitengana au wakiachana, mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla hawajaachana. Soma tena pole pole: kiwango kilekile. Alikuwa anakunywa chai na maziwa, hawezi kuanza kunywa ya rangi kwa sababu baba amepata mwenza mpya.

Wapo humu mnaokumbuka tulikotoka. Kabla ya sheria hiyo, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mahakama ilikuwa imefungwa na sheria ya tangu ukoloni iliyoweka kikomo cha matunzo yake: shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia! Mimi nilishafundisha miaka mingi, andazi limeshapanda bei mara sijui ngapi, na ile mia iko palepale kwenye kitabu cha sheria. Mpaka 2009 ndipo ikafutwa. Kwa hiyo mtu akikwambia sheria hazibadiliki, mwambie hii ilibadilika, ila ilichelewa kwa kizazi kizima na zaidi.

Leo hakuna kikomo, na hakuna jedwali. Hakimu anaangalia kipato na mali za baba, kipato na mali za mama, majukumu waliyo nayo, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Na hapa ndipo kina mama mnapoanguka. Hakimu anauliza, unataka kiasi gani? "Chochote mheshimiwa, hata laki." Kwa nini laki? Kimya. Au mwingine anataja milioni, kwa hasira, na baba ni dereva wa boda ya mkataba.

Njooni na karatasi. Tufanye pamoja, mtoto mmoja, darasa la tano. Nauli ya daladala ya mwanafunzi, Sh 200 kwenda na Sh 200 kurudi, siku ishirini na mbili za shule: Sh 8,800. Hiyo ni kama anapanda gari moja. Shule ya serikali haina ada, lakini bila ada si bila gharama: kuna sare, madaftari, mchango wa chakula cha mchana, na mtihani wa Jumamosi ambao hakuna anayekiri kwamba upo. Andika. Unga, mchele, mafuta, sabuni, fungu lake la kodi ya chumba. Dawa. Andika vyote, jumlisha, halafu andika na wewe unapata shilingi ngapi kwa vitumbua vyako, usifiche, maana na wewe ni mzazi. Karatasi ya namna hiyo nimeiona ikimfanya baba aliyekuja na ubishi anyamaze, achukue kalamu, aseme, "Hapa kwenye viatu umekosea, vyake ni namba thelathini na tano sasa, vya bei hiyo havimtoshi." Alikuwa anaijua namba ya kiatu cha mwanawe. Siku ile tulimaliza pale pale ofisi ya ustawi wa jamii, hatukufika hata kwa hakimu.

Wanaume, na nyie msikilize. Kutoa mnatoa, wengi wenu, nalijua hilo. Tatizo mnatoa mkononi, getini, mmenuna. Miezi sita baadaye mnashtakiwa kwamba hamjatoa, na huna hata alama. Tuma kwa simu kila mwezi, andika "matunzo ya fulani, mwezi Machi". Ukinunua viatu chukua risiti. Na ukipoteza kazi usizime simu. Amri ya matunzo inaweza kubadilishwa, rudi mahakamani ueleze hali imekuwaje, wapunguze. Anayezima simu ndiye atakayefuatwa wakati wa kukazia hukumu, yaani mahakama inapolazimisha amri yake itekelezwe, na huko hakuna atakayeuliza kama kazi ilikwisha lini.

Kukaa na mtoto nako ni jambo lake lenyewe, halihusiani na nani kalipa. Mtoto wa chini ya miaka saba sheria inaanza kwa kudhani ni bora akae na mama yake, lakini ni dhana tu, inaweza kuvunjwa kama kuna sababu. Kinachoangaliwa ni ustawi wa mtoto, na mtoto mkubwa anayejieleza atasikilizwa. Mzazi mwingine ana haki ya kumwona. Kumficha mtoto Singida kwa bibi ili baba "ajifunze" kunakuharibia wewe kesi.

Mtakwenda wapi? Nyie wa wilaya ya Temeke mna bahati ambayo mikoani hawana. Tangu 2021 pale Temeke pana Kituo Jumuishi cha mahakama kwa ajili ya mambo ya familia, ndoa, talaka, mirathi, watoto. Kuanzia Mahakama ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu ziko humo humo, na wadau kama ustawi wa jamii na msaada wa kisheria wako humo. Huzungushwi mjini na nauli. Na mahakama sasa lugha yake ni Kiswahili, sheria ilibadilishwa 2021, kwa hiyo usimwogope mtu anayekurushia Kiingereza. Mwambie arudie.

Yule mama wa Chanika? Alikwenda mahakamani. Alipoulizwa mchango wake aliongea dakika arobaini, hakimu akamwomba apunguze kasi maana anaandika kwa mkono. Fundi alikuja, akasema, "Mheshimiwa, mimi huyu mama ndiye bosi wangu, mzee nilikuwa namwona siku ya kupandisha lenta na siku ya kupaua." Lile daftari lilipokelewa kama kielelezo, lina alama ya chai kwenye jalada. Alipata fungu lake. Sitawatajia asilimia ngapi, kwa sababu najua mtakwenda nyumbani kupiga hesabu za nyumba zenu kwa kipimo chake, na kila nyumba ina mambo yake. Kilichonifurahisha ni kwamba tulipokuwa tunatoka, karani alimwuliza kazi yake ili ajaze fomu. Akafikiri kidogo. Akasema, "Andika msimamizi wa ujenzi."

Maswali mengine tutayachukua baada ya chai. Mama mweka hazina, nakuona umeshainuka na birika.